Kichwa Ambacho Sijawahi Kukinyoa

Tarehe 3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Kwa niaba ya familia, majirani na wateja wote wa saluni, nasikitika kukutangazia kifo cha mashine yetu kubwa ya kunyolea, kilichotokea jana mchana ikiwa kazini, katikati ya kichwa cha Mwalimu Mstaafu. Marehemu alianza kwa kukohoa, akatoa moshi kidogo, akanyamaza. Ameacha mgane mmoja, ambaye ni mimi, na nusu ya kichwa cha Mwalimu. Mwalimu aliondoka kwa heshima zote, amevaa kofia yangu. Mipango ya mazishi iko mikononi mwa Fundi Friji, anayesema anaweza kumfufua. Lakini huyo alisema hivyohivyo kuhusu pasi ya mama yako, na habari ya pasi unaijua.

Baada ya msiba, salamu. Hujambo? Unalala? Unakula, au unakula umesimama kama mama yako akiwa na kazi nyingi? Sisi wazima. Mgongo wangu unalalamika, ila nimezoea kulalamikiwa. Unajua kwa nini nakuandikia karatasi halafu naipiga picha nakutumia, badala ya kupiga simu kama watu. Nikikupigia hapa saluni, kila anayenyolewa anataka akusalimie, na mimi mwenye simu naambulia "haya Baba, kwaheri." Karatasi haina mtu wa kuidandia.

Sasa. Umesema huko chuoni mnaandaa tamasha la "muziki wa chumbani." Mama yako aliposikia alisimamisha cherehani. "Chumba cha nani?" Nikamweleza kama ulivyonieleza: wapigaji wachache, si okestra nzima, wala hakuna yule bwana wa kupunga kijiti mbele. Akafikiri. "Basi wangeuita muziki wa sebuleni, wazazi tusishtuke." Nadhani ana hoja.

Anakushonea gauni jeusi la tamasha. Anauliza: ukimshika Mnene shingoni, mkono upi unapanda zaidi? Anataka kuacha nafasi kwapani. (Nimemwambia jina lake ni viola. Anasema kitu kinachofanana na fidla iliyokula vizuri kitaitwa Mnene.)

Na langu mimi, la kitaalamu: nani anakunyoa huko? Mwambie awe na adabu na utosi wako. Nimenyoa watu tangu hujazaliwa, na sijaona nywele kama zako, zinazozunguka mara mbili, huku moja na kule moja, kama zimegombana. Sikukuita Vimbunga bure. Mtu akipitisha mashine hapo kwa haraka, utatoka umefanana na Mwalimu.

Baba yako,
Kinyozi (mfiwa)


Tarehe 11 Februari

Baba yangu, shikamoo. Na Mama shikamoo yake ya peke yake, asije akasema ameunganishwa.

Poleni na msiba. Mpe Mwalimu pole yangu, nusu nusu. Mimi mzima. Baridi imepungua. Ninakula nimekaa, naapa.

Mwambie Mama aache nafasi pande zote mbili. Mkono wa kulia unavuta upinde, wa kushoto unajipinda chini ya Mnene mpaka kiwiko kinataka kusalimiana na kitovu.

Ananinyoa mwenzangu wa chumbani, naye anapiga viola. Siku ya kwanza alipouona utosi wangu alicheka mpaka akakaa chini, mashine bado inanguruma. Tunamwita Pacha, kwa sababu tuna kimo kimoja, rangi moja, na yeye pia amenyoa. Mama wa jikoni ameshindwa kabisa kututofautisha, kila siku ananigombeza kwa kuacha chakula alichoacha Pacha.

Sasa sikiliza, Baba. Tumechaguliwa wanne: fidla mbili, selo, ile kubwa inayosimamishwa sakafuni, na mimi. Kwa kuwa hakuna wa kutuongoza, tunaanza kwa pumzi. Mmoja anavuta pumzi kwa pua, kidogo tu, isikike pale tulipokaa isifike kwa watu, na wengine wote wanaingia ndani ya pumzi hiyo. Karibu kila mara ni kazi ya fidla ya kwanza. Lakini kipande tulichopewa kinaanzia kwa viola. Pumzi ni yangu! Maisha yangu yote kwenye muziki nimekuwa kama pamba ndani ya godoro, wanailalia na hawaioni. Safari hii wote wataningoja mimi.

Baada ya tamasha walimu wataamua nani abaki mwaka wa pili na nani arudi nyumbani. Usiogope. Naogopa mimi kwa niaba ya wote.

Kidole changu cha mwisho cha kushoto kimekuwa kivivu kidogo siku hizi. Kitachangamka.

Mwanao,
Vimbunga


Tarehe 15 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Sisi wazima, ila saluni imegeuka hospitali. Kosa ni langu. Niliisoma barua yako kwa sauti pale penye pumzi, kwa kujivuna, na nikashindwa kusimama nilipofika kwenye kidole.

Mwalimu Mstaafu anasema ni kukosa chumvi. Fundi Friji anasema kidole kivivu hukandwa kwa maji ya moto, kisha baridi, kisha moto, mpaka kichanganyikiwe na kusahau uvivu. Mzee Upara, ambaye hana hata unywele mmoja lakini haachi kuja kupakwa mafuta, anasema marehemu mjomba wake alikuwa na tatizo hilohilo. Nikamuuliza alipona vipi. Akasema, "Nimekwambia marehemu."

Wote nimewashukuru. Ila mimi mkono wangu ndio unaonilisha, na nina swali moja tu. Kidole kinauma, au kinakataa? Hayo ni mambo mawili tofauti. Kinachouma nakijua. Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Gauni limekwisha, limekwenda posta. Mama yako amelivaa mwenyewe mbele ya kioo akainua mikono kama anakamatwa na polisi, kuhakikisha kwapa.

Baba yako,
Kinyozi


Tarehe 27 Februari

Baba, shikamoo.

Samahani nimechelewa. Gauni limefika. Nimelivaa, nimelia, nimelivua, nimelitundika.

Kinakataa.

Hakiumi hata kidogo. Kinafunga kifungo, kinashika kikombe, kinajikuna. Nikikiweka kwenye uzi kinajikunja kama jongoo aliyeguswa. Sikiambii kijikunje. Nakibembeleza, nakitukana, nakifunga na plasta kwenye mwenzake. Nikimweka Mnene chini tu, kinanyooka tena, kitulivu, kama si chenyewe.

Nimekwenda kwa daktari. Anasema ubovu hauko kidoleni, uko kichwani, mahali panapokijua kidole. Nimefanya mazoezi mengi mno na sasa pale mahali pamechanganyikiwa. Anataka nipumzike miezi mingi. Nilimuuliza kitarudi? Akasema wengine hurudi. Hakusema wengi.

Nikipumzika nafasi imekwenda. Mwalimu wetu amempa Pacha karatasi za muziki wangu ajifunze, "endapo tu." Pacha anafanya mazoezi bafuni, bomba limefunguliwa, ili nisisikie. Nasikia. Anapiga vizuri, Baba. Hajawahi kunitazama usoni tangu apewe.

Usimwambie Mama.

Vimbunga


Tarehe 1 Machi

Mwanangu,

Barua yako imenikuta nina wembe mkononi na shingo ya mtu mbele yangu. Niliuweka wembe chini. Nikamwambia mteja nimepatwa na chafya, nikaenda nyuma, nikasimama pale kwenye ndoo ya taulo.

Nimetafuta mzaha wa kukuandikia, sijaupata. Unanijua, hata kwenye mazishi ya mjomba wako niliupata.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukijigonga kidole unakuja nacho mbele yangu, napuliza, unaondoka. Kazi imekwisha, hata asante husemi. Sasa nipulize wapi? Daktari anasema ubovu uko kichwani. Kichwa chako hicho nimekishika tangu kikiwa laini, nakijua kila kona, na hakuna hata siku moja niliyojua kuwa ndani yake kuna mahali panapokijua kidole.

Nilikwenda kuuliza habari za karatasi za kusafiria. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu. Alisema hata zikiharakishwa sana, nitafika huko watu wameshasahau kulikuwa na tamasha.

Mama yako sijamwambia. Ananiuliza kwa nini nimekuwa nanyoa kimya. Wateja nao hawapendi.

Ukipumzika, sisi ni wazazi wa binti anayepumzika. Ukipiga, sisi ni wazazi wa binti anayepiga. Ndilo neno nililonalo, na hata mimi naliona jembamba. Kama kuna jambo baba anaweza kufanya akiwa huku, lolote, hata la kijinga, niambie.

Baba yako


Tarehe 13 Machi

Baba mpendwa, shikamoo! Mama, shikamoo!

Kimepona! Sijui nieleze vipi. Nilikipumzisha kidogo, nikaanza taratibu, na juzi kikakaa kwenye uzi kama mtoto aliyekuja kuomba msamaha. Mwalimu wetu amefurahi. Usihangaike tena, na usiniulize mengi, nisije nikakitia nuksi.

Tamasha ni Jumamosi, na chuo kitalionyesha moja kwa moja kwenye mtandao. Nimeweka anwani chini ya barua hii. Fundi Friji anaweza kuunganisha simu na televisheni ya saluni. Nitakaa mwisho kabisa upande wa kulia, karibu na pazia. Mtaliona gauni.

Nawapenda.

Mwanao,
Vimbunga


Tarehe 17 Machi

Mwanangu mpenzi,

Nasikitika kukutangazia, kwa niaba ya mtaa mzima, kwamba umeme ulikatika.

Viti vilipangwa. Mzee Upara alipakwa mafuta maradufu kwa heshima ya siku. Mama yako alivaa vizuri. Fundi Friji akaunganisha waya zake, televisheni ikawaka, ikaonyesha jukwaa na viti vitupu, halafu giza. Hatukuona kitu. Tulikaa na mishumaa kama watu waliosahauliwa, Mwalimu akatusimulia habari za tamasha alilohudhuria ujanani, na alisinzia yeye mwenyewe kabla ya kufika mwisho.

Basi tuhadithie wewe. Ilikuwaje?

Baba yako,
Kinyozi


Tarehe 20 Machi

Baba, shikamoo.

Poleni na umeme. Kwa kweli msihuzunike, mambo haya kwenye televisheni hayana ladha.

Ilikuwa vizuri. Ukumbi ulijaa. Nilikaa, nikainua Mnene, nikavuta pumzi, wote wakaingia. Kidole kilitulia. Sehemu ya polepole watu walinyamaza mpaka nikasikia mtu akifungua peremende. Mwisho walisimama. Gauni lilinikaa vizuri, mwambie Mama.

Walimu hawajasema nani anabaki.

Nina kazi nyingi. Nitaandika.

Vimbunga


Tarehe 12 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima. Mashine imefufuka, Fundi Friji hasemezeki kwa majivuno. Inanyoa, ila inapiga mluzi.

Nimekupigia. Unapokea, unasema "niko mazoezini Baba," unakata. Huko nyuma yako sisikii mazoezi, nasikia chumba.

Andika, hata mstari mmoja. Hata kunitukana.

Baba yako


Tarehe 9 Mei

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Naanza kwa kuuliza hivyo, na safari hii nauliza kweli.

Umeme haukukatika.

Juzi mama yako alikuwa anashona, mimi nakunywa chai pembeni yake, na nikasema kwa mara ya mia, "Lakini mbona haandiki?" Akaendelea kukanyaga cherehani. Halafu, bila kuinua kichwa, akasema, "Mabega hayakuwa yake."

Nikajifanya sijasikia.

"Gauni lilikuwa linavuta mgongoni," akasema. "Nimelishona mimi. Nimeliona alipoinama tu, hata hajakaa. Nikanyamaza kwa sababu yako. Ulikuwa umefurahi."

Nilikuwa nimefurahi! Na mimi nilinyamaza kwa sababu yake, kwa sababu yeye ndiye alikuwa amefurahi. Tulipotoka saluni siku ile ni mimi niliyemwambia, tumwambie mtoto umeme ulikatika, ili atusimulie mwenyewe kwa raha zake. Alikubali upesi mno, na mimi, mjanja wa mtaa, sikujiuliza kwa nini. Tumeishi nyumba moja miezi karibu miwili, kila mmoja anamlinda mwenzake na habari ambayo mwenzake anayo.

Kwa hiyo nakueleza ilivyokuwa.

Saluni ilijaa mpaka mlangoni. Picha ilikuja kwa kukatikakatika, sura za watu kama zimechorwa kwa kidole kwenye ukungu. Mkatoka wanne, na wa mwisho akaja akakaa kulia karibu na pazia, na gauni lilikuwa lenyewe. Watu walipiga vigelegele. Mzee Upara alisema, "Huyo nimemjua akiwa na kamasi." Fundi Friji aliishika televisheni kwa mikono miwili kama inataka kukimbia. Mama yako alisema, "Gauni langu," akaziba mdomo, na mimi nikaona ni furaha.

Msichana yule akainua viola. Wenzake wakamtazama yeye, kama ulivyonieleza. Lakini yeye hakuwatazama. Aligeuza uso upande wa pazia, akatulia hivyo, muda mrefu hata Mwalimu akauliza, "Amesahau?" Halafu mabega yakapanda kidogo, pumzi ikaingia, wakaanza. Nilidhani ni wewe unatafuta moyo. Nikasema kimyakimya, vuta mama, vuta.

Mlipofika kwenye ile sehemu ya polepole wakatupeleka kwenye kamera ya juu. Ikashuka taratibu juu yenu, ikamfikia wa pembeni, na hapohapo mtandao ukagoma. Sauti ilibaki. Picha ikaganda. Na kilichoganda katikati ya televisheni yangu, kikubwa kama sinia, kilikuwa utosi.

Mwanangu, kilikuwa kichwa kizuri. Kimenyolewa kwa mkono mwangalifu, na huenda ni wako. Nywele zilikuwa zinazunguka mara moja tu, katikati, kwa adabu. Ni kichwa ambacho sijawahi kukinyoa.

Pale ndani watu walikuwa wanakisifu. "Kichwa cha baba yake kabisa hicho," alisema Mzee Upara, na wote wakacheka, wakanipiga mgongoni. Nami nikacheka. Ningefanya nini? Ningesimama kwenye kiti niseme tumsimamishe huyu, si wetu? Mtoto wa watu anapiga muziki, tena vizuri, na huko aliko mama yake labda hana televisheni. Nilimpigia makofi mpaka viganja vikawaka. Nilimpigia yeye, nakueleza kwa haki, si wewe, kwa sababu alistahili. Lakini macho yangu hayakuwa kwake.

Ile picha iliyoganda ilikuwa na ukingo wa pazia, mwisho kabisa kulia, na kipande cha giza. Ndipo nikaelewa alikuwa anamtazama nani kabla ya kuanza. Nadhani pumzi ile aliichukua kwako. Sijui. Labda najidanganya kwa kuwa ni baba. Labda ulikuwa chumbani umejifunika shuka. Hilo unalijua wewe, na kidole kinaendeleaje unajua wewe, na kama walimu wamekubakiza au umefungasha sanduku na huna pa kulipeleka, unajua wewe. Mimi huku sijui lolote na siwezi lolote, na nimechoka kujifanya umeme umekatika.

Nataka ujue tu nilichofanya wakati ule. Wote wanatazama katikati ya televisheni, mimi nilisogea mpaka kwenye ukingo wa kioo chake. Nikainamisha kichwa, nikachungulia kwa pembeni, kama mtu anayechungulia mlango ulioachwa wazi kidogo, nione kilichoko nyuma ya pazia. Niliinama hivyo muda mrefu. Sehemu ya polepole ikaisha, nikawa bado nimeinama.

Fundi Friji akaniuliza shingo imefanya nini. Nikamwambia nimelala vibaya.

Baba yako